Dakika ya Sita

Kila siku saa moja asubuhi nasogeza kikombe cha chai mbali na karatasi na kuwasha redio, na mjomba ananisomea namba kutoka kwenye mtambo wa gesi baharini. Yeye ni fundi mkuu wa kuchimba. Mimi niko ofisini, nchi kavu. Nalinganisha namba zake na kompyuta yangu, inayopokea vipimo vya kisima moja kwa moja, nasaini, ndipo wanaanza kazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Bi Kidogo. Paza sauti, huku wanaokusikia ni samaki tu! Haya, vali ya kufunga kisima. Presha paundi elfu tano, dakika kumi, isishuke. Ya kwanza, elfu tano. Ya pili, elfu tano..."

Nikawa naandika tu. Dakika ya sita namba haikuja.

"Mjomba?"

"Elfu nne na mia sita. Lakini geji yetu imeliwa na chumvi, naijua kwa uongo. Kompyuta inasemaje?"

Kompyuta ilisema elfu nne na mia sita.

Kabla sijajibu, meneja alikuwa ameshafika mezani, tai bado iko mkononi. Aliminya kitufe cha redio kukata sauti.

"Andika elfu tano mpaka ya kumi."

"Lakini bosi..."

"Binti yangu, waziri anapanda helikopta saa nne kwenda kuzindua kisima. Nchi hii inanunua gesi ya watu tangu sijaoa. Leo ndiyo tunachimba yetu, wewe unaniletea dakika ya sita?"

Hakuwa mtu mbaya. Mwaka jana umeme ulipokatika wiki nzima, alizunguka mwenyewe akitutafutia taa. Lakini gesi ikipanda na vali isifunge, juu ya mtambo kuna watu sitini na wawili, na anayesimama karibu zaidi na kisima ni kaka wa mama yangu.

"Labda... pengine turudie," nilinong'ona.

"Kurudia ni kuifungua vali yote, siku tatu. Umesemaje?"

"Hamna kitu."

Akaachia kitufe. Sauti ya mjomba ikajaa chumba, nyepesi, ya mtu anayeniamini.

"Bi Kidogo, mbona kimya? Wenzangu wameshashika bomba. Iko sawa, tulishushe?"

Meneja alinisogezea kalamu. Niliiacha mezani, nikaisogelea redio.

"Mjomba, msilishushe bomba! Kompyuta inasema kama geji yako. Vali inavuja, na mimi sisaini."