Swali la Naetwe

Taulo la moto linapomfunika uso, Mzee Elinihaki anajiambia atafumba macho kidogo tu, kinyozi Hamdani akiandaa wembe; lakini kabla hajafumba ameuona ule msururu wa vioo, cha mbele kikitazamana na cha nyuma, vyumba ndani ya vyumba, viti vikirudi nyuma hadi vinakuwa vidogo kama punje, na sasa anashangaa kujikuta amesimama, ameuvuka ukingo wa kioo cha kwanza, anatembea. Barabara ni ileile ya mtaani kwake Kariakoo, ila imegeuka: duka la mabomba lililokuwa kulia liko kushoto, vibao vinasomeka kinyumenyume, na mtaa ukiisha unaanza mtaa uleule. Watu wanaopita hawana nyuso. Mahali pa uso pamelainika kama kiganja. Hata hivyo wanamsalimu, tena kwa Kijerumani.

Kijerumani alikijua. Alikisoma ujanani, alipopelekwa Leipzig kujifunza ufundi wa mitambo, akakizungumza mpaka akawa anaota kwacho, kisha akarudi nyumbani, akaoa, akazeeka, na lugha ikashika kutu ndani yake. Leo asubuhi nzima amehangaika kuifufua. Anaweka simu sikioni, anarudia somo, jina langu ni fulani, natoka mahali fulani. Muuza dawa ya panya anapita na kipaza sauti chake, somo linapotea. Anaanza upya, jirani anawasha mashine ya kukatia vyuma. Anaanza upya, wa gesi anabisha hodi, halafu anapigiwa simu kuulizwa habari za pampu. Mwishowe akaona bora aende kunyoa, angalau kidevu kiwe tayari, maana binti yake Niwaeli anafika leo kutoka Ujerumani, na anakuja na Naetwe, mtoto wa miaka sita ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye asante. Na Naetwe amemnunia. Juma lililopita, kwenye simu ya video, alimuuliza babu yake swali refu, ametulia, amekaza macho, na babu hakuambulia neno, akacheka. Midomo ya mtoto ikatetemeka, akaondoka. Tangu hapo akiitwa haji. Niwaeli alikuwa jikoni, hakulisikia swali, na mtoto amekataa kulirudia. Ni utoto tu, Baba, achana nalo, alisema Niwaeli. Mzee hakuweza kuachana nalo.

Mmoja wa wasio na nyuso anamfuata ubavuni, anamuuliza anatafuta nini. Anasema anatafuta swali. Basi umelipita, anaambiwa, ulilipita ulipocheka. Wanatembea, mtaa unarudi, wanatembea. Mwenyeji wake anamwambia kwamba ipo nyumba moja hapa yenye milango miwili, mmoja unafungukia kwenu na mwingine kwetu, na ukiitaja hakuna atakayejua umesema lugha gani. Mzee anajaribu. Anataja mkate, anataja maji, anataja dirisha, maneno yanatoka yamekwaruzika, na kila analolitaja linawasha taa ghorofani mahali fulani, lakini mlango haufunguki. Kisha anasikia kelele za watoto, na mdomo unasema wenyewe: shule. Huku shule, kule shule. Wajerumani walikuja na neno hilo pwani zamani, watu wakalichukua, likawa lao. Mwenyeji anampisha njia.

Uani watoto wanakimbizana, wengi, hawana nyuso, na mzee anazunguka katikati yao akimtafuta wake, anamgusa huyu bega, anamwinamia yule, hajui ni yupi. Mmoja anasimama. Anauliza polepole, na safari hii kila neno linakuja na maana yake mkononi.

Opa, wewe umeniona kwenye simu tu. Nikifika, utanijuaje?

Opa ni babu kwa lugha yao. Mzee anapiga magoti, na magoti hayaumi. Nisamehe, anasema, kwa Kijerumani kibovu kilichopinda kila mahali. Sikukuelewa, nikaona haya, ndiyo maana nikacheka. Sijui nitakujuaje. Nitamuuliza kila mtoto, mpaka mmoja aniambie ni yeye.

Na pale palipokuwa patupu nyusi zinaanza kuchomoza, nyusi nzito za marehemu mkewe.

Taulo limepoa. Linapoondolewa, mwanga unamuumiza macho. Kwenye kiti cha pili amekaa mtoto wa kike mwenye nyusi hizo, miguu haifiki chini, na nyuma yake Niwaeli amesimama na mabegi. Hamdani anaeleza kwa sauti ya chini kwamba walikuta nyumba imefungwa, majirani wakawaelekeza huku. Hamdani alitaka kumwamsha, mtoto akamzuia kwa mkono, kwa sababu mzee alikuwa anaongea usingizini.

Nilisema nini? anauliza mzee.

Mimi sikuelewa kitu, mzee wangu, anasema Hamdani. Huyu mtoto ndiye aliyekuwa anakujibu.

Mzee anatazama kioo, anaona babu na mjukuu, na nyuma yao babu na mjukuu, na hajui atoke upande gani. Naetwe anamsogelea, anamchungulia karibu kabisa.

Opa, bado umelala?

Anaelewa. Hajui ameelewa kwa lugha ipi.

Sijui, anasema. Hebu nishike mkono.

Mtoto anaushika. Kiganja chake kina joto, kinanata pipi, na hakiachii.