Mishono ya Kamanda

Daktari wa mifugo, Nchagwa, alimlaza Kamanda juu ya meza ya kulia iliyotolewa uani, akamchoma sindano ya usingizi na kumwomba Bhoke amshike miguu. Korodani za mbwa huyo hazikuwahi kushuka. Moja ilikuwa imevimba tumboni, chuchu zimemjaa, na madume wa kijiji kizima cha Machochwe walikuwa wakimfuata kama jike. Vedasto, mwenye mbwa na mume wa Bhoke, aliona aibu akaenda kulima.

Bhoke alikuwa na lake. Jumapili ukoo ungekaa kuamua kama arudishwe kwao Nyambureti, kwa sababu hajazaa. Aliogopa sana, lakini miguu ya mbwa aliishika vizuri.

Nchagwa alichana, akatoa korodani, akashona kwa uzi wa bluu. Alipofuta damu hakuona mshono wowote. Kamanda aliamka, akajikung'uta, akaenda kunywa maji.

Wakati huohuo Vedasto alikuwa amelala usingizi mzito nyuma ya plau, ng'ombe wamesimama wakimsubiri. Majirani walimbeba hadi nyumbani. Chini ya kitovu alikuwa na jeraha lililoshonwa kwa uzi wa bluu. Nchagwa alilikagua akasema kazi ni yake. Kisha akatazama tena kwenye beseni na kusema zile korodani si za mbwa.

Efrazia, mama yake Vedasto, aliuliza kama zingeweza kuzalisha. Nchagwa alimweleza kwamba zilibaki tumboni tangu utotoni, na joto la humo lilishaziharibu zamani.

"Najua," Efrazia akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha."

Bhoke alisikia, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akajiona mwepesi. Sasa jambo lilikuwa wazi hata kwa asiyetaka kuliona.

Jumapili Nchagwa aliueleza ukoo yote, beseni likiwa mbele yake. Wazee walisikiliza kwa adabu, wakampa soda, wakamsifu kwa kumponya mbwa. Joram, baba mdogo wa Vedasto, ndiye aliyefunga kikao.

"Kijana wetu ameshatibiwa," alisema. "Sasa apate mke anayezaa."

Hakuna aliyepinga. Efrazia alimwomba Bhoke asiondoke kwanza, kwa kuwa kidonda kilikuwa bado kibichi na bibi harusi asingejua kukihudumia.

Kwa hiyo siku mke mpya alipoletwa, Bhoke alikuwa ndani akimsafisha Vedasto kwa maji ya chumvi. Nje walipiga vigelegele. Kamanda, mwenye afya tele, alibweka pamoja nao.

"Usimwambie," Vedasto akasema.

Bhoke alikamua kitambaa. Alimhurumia, na alimchukia kwa huruma hiyo.

"Sina haja," akamjibu. "Atajua mwenyewe wakianza kumwita tasa."