Fundi Milimita na Joho la Hakimu

Ijumaa ile Fundi Milimita alikwenda mahakamani kwa miguu yake mwenyewe, mtu huru, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa shahidi tu. Kuna jamaa alishtakiwa kwa kuiba pasi kwenye duka la jirani, na fundi alimwona akikimbia nayo ingali ya moto, anaihamisha mkono huu, mkono ule. Ushahidi wa dakika tano. Alipotoka dukani kwake alimwambia bintiye, "Mwanangu, usilivue hilo gauni. Naenda, nasema, narudi, nakumalizia mkono."

Gauni lenyewe lilikuwa la arusi, na arusi ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshakaa, umetulia kabisa. Wa kushoto ulikuwa bado mezani. Na usiseme fundi mwingine angeweza kuushika, kwa sababu Milimita haandiki vipimo popote. Vyote viko kichwani mwake, na kichwa chake hakiazimishwi.

Basi akapanda kizimbani, akaapa kusema kweli tupu. Mwendesha mashtaka akauliza, "Shahidi, ulimwona mshtakiwa siku hiyo?"

Macho ya fundi yalikuwa yameganda kwa hakimu.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, sauti ndogo, macho makali, mtu ambaye akikohoa mawakili wanaacha kupekua karatasi. Asubuhi hiyo joho lake jeusi lilinaswa na mlango wa gari, mkono wa kushoto ukachomoka begani, naye kwa kuwa alichelewa akaushikiza mwenyewe. Kwa uzi mweupe. Mishono mirefu ya kwenda na kurudi, ungedhani anafunga gunia la mkaa. Chumba kizima kilikuwa kimeona tangu saa tatu, na chumba kizima kilikuwa kimenyamaza, maana watu wana akili zao.

"Shahidi, unaulizwa!"

"Samahani, Mheshimiwa," Milimita akasema kwa uchungu. "Nani kakufanyia ukatili huo?"

"Ukatili gani?"

"Hapo begani. Usitikisike. Kuna uzi unaning'inia, nautoa tu."

Askari wa mlangoni alipozinduka, fundi alikuwa keshashuka kizimbani, keshafika meza kuu, keshaushika uzi. Kichwa hakikushirikishwa hapo. Vidole vilijiendea vyenyewe. Akavuta. Uzi ukaja wote, kwa ulaini wa ajabu. Mkono wa joho ukateleza taratibu, ukaangukia juu ya jalada la kesi, na hakimu akabaki na mkono mmoja mweusi na mmoja wa blauzi ya maua ya njano.

Mwizi wa pasi ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Umeona?" Milimita akasema, ameshika uzi juu ili kila mtu aone. "Haukuwa umeshika hata kidogo."

Dakika mbili baadaye alikuwa mahabusu ya mahakama, chumba cha nyuma chenye benchi moja na dirisha la nondo, amenyang'anywa mkanda na futi yake ya shingoni.

Karani wa mahakama alimfuata na faili kwapani. Alikuwa mzee mnene, miwani imefungwa kamba, mtu anayehesabu saa za Ijumaa moja moja.

"Fundi, ulichofanya kinaitwa kudharau mahakama," akasema. "Sasa usitetemeke. Nina miaka kumi na tisa hapa, na hizi kesi huishia palepale. Unaitwa, unaulizwa una lipi la kusema usiadhibiwe. Unasema naomba radhi. Unakaripiwa mpaka masikio yanawaka. Unaonywa, unakwenda zako nyumbani. Wenye simu zinazolia, walevi, waliotukana mawakili, wote wametokea mlango huo huo."

"Hakuna aliyefungwa hata mmoja?"

"Mmoja. Aliambiwa aombe radhi, akarusha kiatu. Na hata yeye angesamehewa, ila akarusha na cha pili."

"Mimi viatu vyangu nitavifunga kamba. Mzee wangu, binti yangu anaolewa kesho, na gauni lina mkono mmoja."

"Basi ni maneno mawili tu. Naomba radhi. Halafu ufunge domo lako."

Saa saba aliitwa. Alisimama kizimbani mnyonge, mikono nyuma, kichwa chini. Mambo yangeishia hapo kama angekibakiza kichwa chini. Hakimu alikuwa amerudi na joho lake, na mkono ulikuwa umerudi mahali pake.

"Una lipi la kusema?"

"Naomba radhi, Mheshimiwa. Kwa moyo wangu wote. Nilikosa adabu, sitarudia..." Hapo akainua macho. "Lakini hizo si pini za stepla?"

Karani akafumba macho. Yeye ndiye aliyezipiga, ishirini na mbili, kwa stepla ya ofisi, na alikuwa amejisikia fundi kweli kweli.

"Umesema?" hakimu akauliza.

"Joho siyo faili, Mheshimiwa! Ukiinua mkono zitakuchoma."

"Fundi, unajuta au hujuti?"

"Najuta sana! Lakini nimeapa kusema kweli humu ndani, na huo mshono..."

"Sijakuuliza habari za mshono!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini hata usiponiuliza unaonekana."

Hakimu akagonga meza, na kwa kugonga akainua mkono, na kwa kuinua mkono akasema "Aii!" Watu wakaangalia dari, wakaangalia viatu vyao, mmoja akajifuta machozi kwa kofia.

"Nakupa nafasi ya mwisho," hakimu akasema, anajikuna bega. "Saa tisa. Ukija na 'lakini' nyingine, utakaa ndani siku saba ukahesabu mishono ya blanketi."

Huko mahabusu Milimita alikaa benchini. Siku saba! Alijiona yuko nyuma ya nondo, binti yake anaingia ukumbini bega wazi, na mama mkwe wa mtoto anauliza kwa sauti ya chini inayosikika mpaka nje, "Kitambaa kiliwaishia?" Akajizoeza. Naomba radhi. Naomba radhi. Mara ya tatu peke yake, bila mtu yeyote mbele yake, akajisikia anamalizia, "lakini..." Akajipiga kofi la mdomo.

"Mzee," akamwambia karani kupitia nondo, "mniitie mwanangu. Mimi peke yangu siuwezi huu mdomo."

Binti alifika saa tisa kasoro dakika tatu, mbio, baba yake ndiyo kwanza anapandishwa kizimbani. Aliambiwa usilivue, hakulivua. Akaingia mahakamani na gauni jeupe linaburura vumbi la korido, mkono wa kulia wa lesi mpaka kwenye kidole, bega la kushoto wazi, na pini zimelizunguka lile tundu pande zote. Mkononi alishika mfuko wa rambo wenye mkono wa pili, sindano na uzi.

Hakimu akavua miwani, akaivaa tena. "Wewe ni nani?"

"Ni binti wa mshtakiwa, Mheshimiwa."

"Na hilo gauni mkono wake mwingine uko wapi?"

"Uko kwenye mfuko, Mheshimiwa. Mwenye kuushona ndiye huyo mliyemweka mahabusu."

Mwendesha mashtaka akaangusha kalamu, akakaa chini ya meza kuitafuta muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji. Hakimu mwenyewe aliuma mdomo.

"Sogea karibu na baba yako. Fundi, nakuuliza mara ya mwisho. Una lipi la kusema?"

Milimita akavuta pumzi. "Naomba radhi, Mheshimiwa."

Mahakama ikasubiri. Karani akakunja ngumi. Fundi alikuwa anatazama bega la hakimu, na bega la hakimu linamtazama. Shingo ikaanza kumcheza, midomo ikafunguka.

"La..."

Binti amelelewa chini ya cherehani, anamjua mzee wake. Akachomoa pini moja begani kwake, akamnyooshea. Milimita, bila kufikiri, akaipokea kwa midomo, kama anavyozipokea tangu ujana wake, maana mikono ya fundi haina nafasi. Na fundi mwenye pini mdomoni hasemi. Akisema anaimeza.

"Mmh," akasema Milimita.

Binti akachomoa ya pili, akampa. Halafu ya tatu, kwa usalama.

"Mahakama imesikia radhi," hakimu akasema haraka haraka, "na imeona kwamba haina nyongeza. Umekaripiwa, umeonywa. Adhabu yako ni kukaa humu ndani mpaka mahakama itakapoinuka jioni hii, kisha uende zako. Na sijaona kifungu kinachomkataza mtu kushona akiwa anaitumikia adhabu."

Karani akaandika, anatabasamu. Ilikuwa imeisha kama alivyosema, isipokuwa kwa pini.

Basi kesi ya pasi ikaendelea, fundi kaketi kizimbani, binti kapiga magoti mbele yake, sindano inaingia na kutoka. Walipomuuliza kama ndiye huyu aliyemwona na pasi, Milimita akaitikia kwa kichwa, na mwizi akalalamika kwamba shahidi anasema na pini mdomoni, hakimu akamwambia akae.

Saa kumi kamili, saa ya mahakama kuinuka, karani akajaza kifua. "Kooortini!"

Watu wote wakasimama. Milimita naye akasimama, na kwa kuwa uzi ulikuwa bado umeshika sindano na sindano imeshika bega, binti akainuka naye upande mmoja, shingo imelala.

Hakimu, mguu mmoja mlangoni, akageuka. "Imebaki kiasi gani?"

Milimita akabananisha vidole vitatu, akaonyesha upana wake.

Hakimu akarudi, akakaa. Watu wote wakakaa. Hakuna kesi iliyoitwa. Ikasikika sindano tu, na tumbo la karani. Zilipita dakika kumi. Fundi akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akavuta bega la mwanawe mara moja, akatoa pini mdomoni moja moja.

"Tayari, Mheshimiwa. Ahsante."

Binti akajigeuza mbele ya mahakama, mikono miwili ya lesi, akalia kidogo na kucheka kidogo.

"Sasa niandikeje, Mheshimiwa?" karani akauliza, kalamu hewani. "Tumeinuka saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika kumi."

"Na hizo kumi za mwisho, mahakama ilikuwa inafanya nini?"

"Andika ilikuwa inasubiri mkono," hakimu akasema, akaondoka akiwa amelishika bega.