Flashi ya Fundi wa Unguja

Bi Zuweina alimtilia shaka Hamzah, fundi wa kompyuta kutoka Unguja, tangu alipofungua mdomo. Lafudhi ya mjini, viatu vya mjini, na uchaguzi wenyewe u mlangoni. Fundi gani huyo wa kuletwa Makangale wakati huu?

Kompyuta ya redio yao ya kijijini ilikuwa kongwe, ikiendeshwa na mfumo wa Linux alioupanga marehemu mumewe, Marhoun. Humo ndimo ilimobaki sauti yake akisimulia hadithi za watoto, na Zuweina hakuwa nayo pengine popote.

"Programu mpya ya kurushia matangazo inataka maktaba mpya, yaani mafaili ya kuisaidia kufanya kazi," Hamzah alieleza. "Programu ya marehemu ya kufungulia hadithi inategemea za zamani, alizozitengeneza mwenyewe. Zikikaa pamoja zitagombana, na diski imejaa. Nazihamishia kwenye flashi, kisha nitazirudisha mahali pake, mbali na hizo mpya."

"Huko kwenu kuiba ndo mwakwita kuhamisha?"

Kijana akacheka, na kicheko kikamwudhi zaidi. Zuweina alikaa nyuma yake kama askari. Alipoona jina la Marhoun likipita kwenye kioo na kuingia kwenye kile kidude chekundu, alijua ndizo hadithi zinaondoka. Kesho hizo hadithi zitasikika mjini, keshokutwa sauti ya mumewe itapachikwa kwenye mkutano wa watu asiowapigia kura hata usingizini! Siasa za visiwa hivi alizijua, asidanganywe na mtoto.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Hamzah akaenda msikitini. Flashi aliiacha imechomekwa, maana hakuwa na shaka na mtu. Zuweina akaichomoa, akatoka nje na kuitumbukiza kwenye jiko la mkaa alikobandika chai. Tena aliona raha, kusema kweli.

"Bi Zuweina, flashi i wapi?" Hamzah aliuliza aliporudi.

"Ntu haulizi mali ya wenziwe. Hadithi zetu zabaki hapa hapa."

"Hadithi sikuzigusa, zote zimo humu." Akamwonyesha. Akabonyeza moja, kimya. Akabonyeza nyingine, kimya. "Ila bila zile maktaba hazifunguki. Hadithi alizihifadhi kwa mtindo wake mwenyewe, na maktaba za kuzifungua zimo kwenye flashi tu, duniani hazipo pengine. Nipe flashi, Bi, sasa hivi utamsikia."

Harufu ya plastiki ilikuwa imeshaingia chumbani. Hamzah alinusa, akatazama mlangoni, kisha akamtazama yeye.

"Nshaitia motoni, mwanangu," alisema Zuweina. Ndiyo mara ya kwanza kumwita mwanangu. "Nshamchoma Marhoun."

Akavuta kiti, akabonyeza jina la mumewe, akangoja.