Mayai ya Rangi ya Milango

Fundi Rangi alipotangaza kwamba mwaka huu mayai ya kupamba meza ya sikukuu atayatia rangi mwenyewe, mkewe alimshukuru kwa dhati, kisha akavuta kiti hadi mahali ambapo jikoni panaonekana vizuri. Burudani ya bure haikataliwi.

Kusema kweli bwana hakujitolea, alisukumwa. Miaka miwili nyuma binti yao alimleta nyumbani mchumba, kijana mpishi wa hoteli, na Fundi akatamka mbele ya watu kwamba mwanamume anayeshinda jikoni ni nusu mwanamume. Ulimi hauna mfupa. Harusi ikafanyika bila yeye, na tangu hapo binti hakukanyaga pale. Sasa baridi imekwisha, miti inachipua, naye amekubali kuja na mumewe kula chakula cha mchana cha sikukuu. "Nakuja kwa ajili yako, mama," alisema kwenye simu. "Lakini baba akimtukana tena, ndiyo basi." Mama mtu aliufikisha ujumbe huo pamoja na trei ya mayai.

"Uliyemfukuza ni wewe," alimwambia mumewe. "Mpokee wewe."

Basi mtu mzima akajitosa. Aliyachemsha mayai kwa moto wa kuyeyushia lami, kadhaa yakapata nyufa. Kisha akalichovya la kwanza kwenye kikombe cha rangi ya chakula.

"Tia siki kidogo, rangi ishike," mkewe alimwambia kutoka kitini.

"Siki ni ya saladi. Umri wote huu napaka rangi, leo nifundishwe yai?"

"Aa, nani akufundishe! Endelea, bwana mkubwa."

Yai likatoka limepauka. La pili vilevile. Fundi aliyatazama kwa aibu, maana katika kazi yake rangi isiyoshika humnyima mtu mkate. Akatoka kimyakimya kuelekea stoo.

Nyumba ile hunuka rangi mwaka mzima, kwa hiyo harufu haikumshtua mkewe hadi ilipoanza kumwasha macho. Alipoingia jikoni, mayai yalikuwa yamepangwa juu ya gazeti, ya kijani, yanang'aa hadi unaweza kujitazama na kuchana nywele. Pembeni lilikaa kopo la rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha.

"Mume wangu, hii huliwa?"

"Hayo ni ya kutazama tu. Ya kula yamo kwenye sufuria, meupe."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Alivyolitamka neno hilo, ungedhani ni mtu aliyewahi kukiri kosa maishani.

Kesho yake wageni wakafika. Binti aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, tayari kuondoka. "Shikamoo, baba," alisema mkwe. "Marahaba," Fundi alivijibu viatu vya kijana. Wakasogea mezani, mayai ya kijani yakiwa katikati kama mapambo.

Ndipo mpishi, kwa adabu tu, akanyoosha mkono na kuchukua yai la kijani.

Mama mwenye nyumba alimtazama mumewe: haya, sema. Fundi akaitazama chumvi. Kusema ni kukiri kwamba jikoni pamemshinda, na anamkiria nani? Mpishi!

Kijana alilimenya. Palipokuwa na ufa, rangi ilikuwa imepenya hadi ndani na kuacha mistari ya kijani. Akalinusa. Pua ya mpishi haidanganyiki. Alijua, na mama mkwe aliona kwamba anajua.

"Yamependeza sana, baba," alisema, akalinyunyizia chumvi.

Alikuwa tayari kula rangi ya mlango ili baba mkwe asiaibike. Moyo ulimuuma mama yule. Heshima ya namna hiyo hawakuistahili. Akafungua mdomo apige kelele, lakini mumewe alimtangulia. Aliruka kutoka kitini, akalipiga yai likamtoka kijana mkononi, na jagi la maji likapinduka.

"Usile, mwanangu! Ni rangi ya milango. Nimeharibu. Nimeharibu toka siku ile."

Maji yalitiririka mezani na hakuna aliyeyafuta. Binti alimkazia baba yake macho.

"Umemwitaje?"

"Umesikia."

"Mwambie tena. Mtazame usoni."

Fundi aliitazama dari, ambayo aliipaka mwenyewe na ambayo haikumsaidia kitu. Kisha akamgeukia kijana. Mkewe, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu tangu jana, akalisimamisha jagi taratibu.

"Mwanangu," alisema Fundi. "Nisamehe."

"Ndiyo, baba," kijana alijibu, akachukua kitambaa kuyafuta maji.