Mtini wa Uzi Mwekundu

Msusi alifungua lango akayaona makopo yake matatu yamepangwa mdomo chini juu ya karo la kufulia, yameoshwa yanang'aa. Hakuhitaji kuambiwa. Wifi yake amepita hapo.

"Umechelewa," alisema wifi, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya ukuta, miguu juu ya ndoo. Mtaa mzima ulimwita Kiranja, naye jina lilimkaa vizuri. "Kazi yako nimekumalizia. Mtini nimeshapanda."

"Upi?"

"Ule wenye majani kama masikio ya tembo. Vile vijiti viwili vilivyodumaa nimevitupa. Na zile nyuzi zako za nywele nimezikata, wifi yangu. Ua lilianza kufanana na saluni."

Msusi alishika mkoba wake wa vitana asijue pa kuuweka. Hakuwa mtu wa maneno. Tangu aolewe katika nyumba ile, kila kitu alikikuta kimeshachaguliwa: pazia, sufuria, hata pembe ya chumba ambapo yeye na mumewe wangelaza vichwa, Kiranja ndiye aliyeionyesha kwa kidole. Kitu kimoja tu alikuwa amepewa achague. Mama mkwe alisema mbele ya wote kwamba pale penye jua la asubuhi panatosha mti mmoja, kisha akamgeukia yeye. "Chagua wewe, mwanangu. Nataka nile tini ya uani kwangu kabla meno hayajaniaga."

Akachagua kwa njia aliyoijua. Msusi huingia nyumba nyingi, na mtu anayesukwa, kwa kuwa hawezi kusogeza kichwa, husogeza ulimi. Alionja tini za watu wakati wa kiangazi, akarudi kuzionja wakati wa mvua, maana mvua ndiyo huumbua tini. Kwa mwalimu mstaafu alikuta nyeusi kubwa, tamu ya kulamba vidole, lakini tundu lake la kitakoni lilikuwa wazi. Mvua ikinyesha, maji na sisimizi waliingia humo, tunda likachacha likiwa bado mtini. Kwa mshona viatu alikuta kijani ndogo isiyo na sura. Hata ikiiva ilibaki kijani, ndege wakaipita wakidhani mbichi, na tundu lake lilizibwa na tone la utomvu kama asali. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Akaomba kitawi, akakiotesha koponi, akakifunga uzi mwekundu. Cha mwalimu akakifunga uzi mweusi, kiwe akiba.

Cha tatu hakukiomba. Mama wa nyumba ya ghorofa alimkatia mwenyewe kutoka kwenye mtini wake wa majani ya fahari, mti uliozaa kila mwaka na kila mwaka ukapukutisha matunda yote yakingali kama gololi. Aina ile ilitaka kidudu fulani kiingie ndani ya tunda ndipo lipevuke, na kidudu hicho hakikuwako upande huu. "Tunaishi na bibi harusi asiyefikiwa na bwana," alisema yule mama, wakacheka mpaka kitana kikaanguka. Kisha akamtilia tawi mkobani. Msusi aliona haya kukataa. Akalipanda, akalifunga uzi wa njano, akaliacha lipendeze.

Na sasa haya yake ilikuwa imepandwa uani, imemwagiliwa, imepigiwa fito kuizunguka.

"Huu hautazaa," alisema.

"Kila mti huzaa."

"Huu hapa kwetu hauzai, wifi. Utaangusha vigololi."

Mumewe alitoka ndani, masizi ya kuchomelea mageti bado mikononi. "Mke wangu, mti ni mti. Yaishe."

Hilo *yaishe* alishalisikia siku ya pazia. Alilisikia siku ya sufuria. Leo alikataa kulimeza. Alitupa mkoba chini, akaenda nyuma ya ukuta, akachakura jaani kwa mikono. Kijiti cha mwalimu kilikuwa kimevunjika katikati. Cha mshona viatu alikitambua kwa majani yake ya vidole vyembamba, yamenyauka chini ya maganda ya vitunguu. Mizizi michache ilikuwa bado myeupe.

Alirudi nacho, akashika jembe.

Kiranja aliruka kitini. "Thubutu! Juzi tu umeolewa, leo unatupangia ua?"

"Nimeolewa na kaka yako. Sikuolewa na kidole chako!"

Kisha akamgeukia mumewe. Msusi mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake, kali, inatetemeka, lakini hakuinyamazisha. "Wewe uliniona nikimwagilia. Ulijua uzi mwekundu ni wa nini, nilikuambia. Dada yako akikata nyuzi zangu unatazama, mimi nikishika jembe ndiyo yaishe?"

Aling'oa fito. Aling'oa mtini wa masikio ya tembo, akautupa miguuni kwa Kiranja.

"Mama!" Kiranja alipiga kelele. "Njoo umwone mkweo amepandwa na mashetani!"

Mama mkwe alikuwa dirishani muda wote. "Mwachie jembe," alisema. Kisha akamuuliza msusi, "Hicho kijiti kitazaa?"

"Sijui, mama. Kimeungua na jua. Kikishika kitazaa. Ule ungeshika, na usingekulisha."

"Basi panda."

Alikipurura majani yote ili mizizi isielemewe, akakifukia, akakanyaga udongo kwa kisigino zaidi ya ilivyohitajika. Kilichobaki juu kilikuwa kama penseli.

"Tutakula penseli," Kiranja alicheka, lakini kicheko hakikupata mwenzake.

Msusi alitoa uzi mwekundu mkobani, akakifunga kijiti kwa fundo la kusukia, lile lisilofunguka ila kwa wembe. "Atakayeukata huu tena, kichwa chake nitakisuka mpaka macho yasifumbike. Na kiti chako, wifi, kinaziba jua."

Kiranja aliwatazama mama yake na kaka yake, akangoja. Hakuna aliyesema yaishe. Akabeba kiti chake.

Mume alileta ndoo ya maji. Msusi aliipokea bila asante, na maji aliyamimina mwenyewe.