Waliuvua Nguo Mkondekonde

Mtu akikwambia amewahi kuuona mti ukiona haya, mwambie mimi, Efraimu wa Masama, niliuona kabla yake. Ilikuwa asubuhi, miaka ile soko huria lilipopanda mpaka huku mlimani na kila mwenye panga akajiita mfanyabiashara. Nilikwenda nyuma ya migomba kwa haja ndogo, nikainua macho, nikaukuta mkondekonde wetu umevuliwa nguo. Upande mmoja wote, toka mizizini hadi pale ngazi ilipofika, gome hakuna. Mwili mwekundu, unatoa maji, kama ng'ombe aliyechunwa akiwa bado amesimama. Na haja yenyewe, ambayo kwa umri wangu huja kwa kubembelezwa, ikarudi ilikotoka.

Huwezi kuielewa hasira yangu mpaka nikueleze mti ule ulinifanyia nini. Nilipostaafu ufundi wa reli pale Moshi nilirudi nyumbani na vitu viwili: cheti cha utumishi mwema na ule ugonjwa wa wazee wa kiume. Jumapili moja niliingia uani kengele ya kanisa ikiita watu, nikatoka ibada imekwisha, mnada wa ndizi za sadaka umekwisha, na mchungaji ameshakula. Mke wangu Aikande, aliyerithi dawa za porini kwa mama yake, alinicheka kwanza. Halafu akachukua kisu. Akabandua kipande cha gome la mkondekonde, ukubwa wa kiganja tu, upande wa mawio. Kidonda cha mti akakipaka samadi na majivu, akasema nao kwa Kimachame maneno ambayo hakutaka niyasikie. Gome akalichemsha, nikanywa. Baada ya majuma machache ua wa jirani ulishika moto, na niliuzima mimi, nimesimama ng'ambo ya mfereji. Anayebisha aende akauulize ua.

Safari nyingine ukihitaji dawa hurudii pale pale. Unahamia upande wa machweo, kile kidonda cha kwanza kipate kufunga. Ndivyo mti ule ulivyowatibu wazee wa hapa tangu enzi za babu yangu, na hakuna aliyewahi kuuona ukitoa maji.

Aliyeuchuna ni Lucky, mtoto wa marehemu kaka yangu Filemon. Na mti, kwa bahati mbaya, uko upande wake wa mpaka. Nilimkuta anafunga magunia kwenye pikipiki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Kaa nayo shikamoo yako! Umefanya nini?"

"Biashara. Kahawa imekufa, baba mdogo, na siku hizi kila kitu ruksa. Kuna kampuni mjini inanunua magome, inapeleka Ulaya. Wazungu wanatengenezea vidonge."

"Vidonge vya nini?"

Akacheka kwa pembe ya mdomo. "Vya wazee. Wale wanaokwenda uani na kiti."

"Na mti ukishaumaliza gome utaishi kwa kuvaa nini? Koti lako?"

"Mti ni wangu, kihamba alichoniachia baba ni changu. Upande uliobaki nauchukua wakiniletea magunia mengine. Ukikauka, si mbao?"

Mbao! Mti uliomkojoza babu yake mzaa baba!

Aikande alikuwa ameshafika nyuma yangu. Alivua kitambaa kichwani, akaenda akakaa shinani, mgongo wake ukigusa pale palipobanduliwa. Mama mtu mzima wa kwetu akivua kitambaa mbele yako, ujue laana inafuata; wewe tafuta njia. Lucky aliitafuta. Hata pikipiki hakuiwasha, aliisukuma.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaniambia mti wa mtu ni wa mtu. Nikashuka Moshi nikaitafute hiyo kampuni, nikakuta geti limefungwa na mlinzi haelewi lugha yoyote ninayoijua. Nikaishia duka la dawa la Mama Komal, ambaye tunataniana tangu nikiwa reli. Nikamuuliza kama ana dawa ya wazee. Akanionyesha kichupa kizuri.

"Hii imeingia juzi, mzee. Imetoka Ulaya. Wanasema ni gome la mti wa milimani, Afrika."

"Mama Komal, mti wenyewe uko nyuma ya choo changu."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Basi wewe ni tajiri!"

"Mimi ni mgonjwa," nikamwambia, nikatoka. Yaani tuchunwe huku, tuchemshwe kule, halafu turudishiwe kwenye chupa na kizibo cha kuzuia watoto!

Sheria sikuwa nayo, nguvu sikuwa nazo. Mdomo ninao. Jioni hiyo kilabuni, Lucky amekaa benchi la pili na kata yake ya pombe ya mbege, nikaanza kuwasimulia wenzangu habari za bwana mmoja wa Mwika aliyeuchuna mkondekonde pande zote. Nikasema ngozi yake ilianza kulegea mgongoni. Ikaachia kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mwishowe mkewe alikuwa akimkunja pembeni akitaka kutandika kitanda. Watu walicheka mpaka mbege ikamwagika. Lucky naye alicheka, ila mkono wake ulikuwa umeingia ndani ya shati, unakuna. Jumapili nikamwona anajikuna kwenye nguzo ya kanisa. Nikafurahi, sikufichi.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Wiki hiyo hiyo Lucky aliingia uani kwetu na debe la mbege kichwani, na masale kwapani.

Isale, kwa asiyelijua, ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Lina kazi mbili. Likipandwa, ni mpaka, wala halivukwi na panga. Likiletwa mkononi limefungwa fundo, ni kuomba radhi, na aliyeletewa hana pa kukimbilia: anapokea, anasamehe, yamekwisha. Jani moja linatosha. Lakini Lucky alipima kosa lake akaona ni kubwa, akaleta mzigo mzima, mashina kwa majani.

Akapiga goti mbele ya Aikande. "Mama mdogo, nimekuja kuomba radhi. Kwa lililofanyika na kwa litakalofanyika."

"Litakalofanyika lini?" nikauliza.

"Kesho, baba mdogo. Magunia yamefika."

Nakuambia, kofia ilinyanyuka yenyewe kichwani! "Unakata msamaha kabla kama tiketi ya basi? Hiyo si radhi, hicho ni kibali! Aikande, mtupie mzigo wake!"

"Isale halitupwi, Baba Gladys."

"Basi mimi nitalitupa!"

"Umeletewa wewe?"

Nikaishusha kofia. Akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mwanangu. Kwa yote mawili."

Lucky akashusha pumzi, na mkono ukatoka ndani ya shati. Mimi nilimtazama mke wangu kana kwamba nimeingia nyumba siyo. Hadithi yangu mwenyewe ndiyo iliyomleta, na sasa mti ulikuwa unakwenda kufa ukiwa na baraka zetu!

"Umeleta mengi," Aikande akasema.

"Kosa lilikuwa kubwa, mama mdogo."

"Tena mabichi. Yana macho ya kuotea."

"Nilichagua yaliyo mazuri."

"Ahsante. Nibebee basi, mgongo wangu siku hizi haubebi. Baba Gladys, lete jembe."

Tukamfuata mpaka mkondekonde. Akakata mashina vipande, akaanza kuchimba kuuzunguka mti. Lucky, kwa moyo mwepesi wa mtu aliyesamehewa, akawa anamshikia shina na kukanyaga udongo kwa kisigino.

"Na hili, mama mdogo?"

"Hapo. Sogeza kidogo. Eh, hapo hapo."

Mimi ndiye niliyeelewa kwanza, nikageuka nikakohoa ndani ya migomba nisije nikaharibu. Duara lilipofunga, Aikande akajifuta mikono kwenye kanga.

"Lucky, isale likishapandwa ni nini?"

"Ni mpaka."

"Nani huling'oa?"

Akayatazama masale. Akautazama mti. Uso ulimbadilika taratibu.

"Nani huling'oa, mwanangu?"

"Hakuna."

"Na haya amepanda nani?"

"Lakini mama mdogo, si umenisamehe!"

"Kabisa. Ukitaka vuka ubandue, mimi sina neno nawe tena. Neno liko kati yako na masale yako." Akachota samadi na majivu kwenye ndoo, akaanza kuupaka mti kidonda chake, kuanzia chini.

Mkono wa Lucky ukarudi ndani ya shati.

Mbege yake niliinywa, kwa kuwa radhi ikipokewa lazima inywewe. Ilikuwa tamu, na utamu huo ukaniudhi zaidi. Magunia ya kampuni yalijazwa kwingine, kwenye miti isiyokuwa na Aikande. Masale yetu yameshika, sasa yamenipita kimo. Juu yake, upande uliobaki na gome unatoa majani kama zamani, na dawa yangu inatoka huko, kiganja kimoja kimoja, kwa kisu cha Aikande; masale hukataza panga. Upande mwingine ni mfupa mtupu mpaka leo.

Kila asubuhi nikienda nyuma ya migomba nasimama nauangalia huo mfupa, na kabla sijaanza shughuli yangu napaza sauti isikike kihamba cha pili, kwa Lucky:

"Vidonge!"